Sifuri ya Asubuhi

Meneja wa kiwanda alinipa karatasi na kalamu yake, akaniambia nitie sahihi tuachane kwa amani. Karatasi ilisema kifaa changu cha kupima mionzi ni kibovu, na kwamba mimi mwenyewe nimekiri. Nilimrudishia kalamu. Karatasi nikaikalia.

"Binti, acha ukaidi," alisema. "Kimelia getini na hakuna hata lori moja. Kinaona mashetani?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Sawa, wacheke. Kiwanda chetu huyeyusha chuma chakavu, na kazi niliyoajiriwa kufanya ni kupima ubora wa chuma hicho. Haya ya mionzi niliyaingia kwa kiherehere changu. Miaka mitatu nimejifungia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya matairi, nikiyeyusha chumvi maalumu kwenye tanuru dogo na kuipoza polepole, siku tisa, mpaka igande kuwa fuwele moja safi. Ukiwa na haraka inapasuka. Yangu ilipasuka mara kumi na saba, na mara mbili nililia. Ya kumi na nane ilitoka nzima, kubwa kama kidole gumba. Mionzi ikiigusa, fuwele hutoa vimulimuli ambavyo macho yetu hayavioni, na kihisi nilichokibandika chini yake huvihesabu kwa milio. Nimeizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba ili mwanga usipotee, nikaifungia ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Meneja anakiita kifaa hiki Hirizi.

Yeye anajivunia nguzo mbili za getini zilizoagizwa ng'ambo. Chuma chakavu huweza kuficha vitu vyenye mionzi; lori lenye mzigo huo likipita katikati yake, zinapaswa kupiga king'ora. Tangu zifungwe, miezi minne iliyopita, zimetulia tuli kama maji mtungini.

Hirizi ililia asubuhi ile hatua tatu tu kutoka kwenye kiti cha Mjomba. Mjomba ndiye bawabu wetu, kaka yake mama, mtu aliyenilea tangu mama alipofariki. Hukaa kwenye kiti kile saa kumi na mbili kwa siku. Ningetia sahihi ile, ningekuwa nimemwambia aendelee kukaa.

Nikanyanyuka, nikachukua kifaa changu, nikarudi getini. Meneja akanifuata akinguruma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kama umenyang'anywa uji?"

"Toka kwenye kiti. Nenda kasimame kule ukutani, mbali."

"Na geti ataliangalia nani?"

"Mjomba, nakuomba. Nenda."

Akaenda. Nilizunguka na Hirizi mkononi. Upande wa barabara ilinong'ona, karibu na kibanda ikapiga kelele, na nilipoisogeza kwenye mkia wa kizuizi, ule mlingoti unaofunga njia ya malori, kelele zikaungana zikawa mlio mmoja usiokatika. Kwenye mkia huo lilining'inia pande la chuma, lile linalosaidia mkono wa kizuizi kunyanyuka kwa urahisi. Lilipakwa rangi nyekundu na nyeupe, kwa ustadi kabisa. Nilirudi nyuma mbio.

"Mjomba! Hili pande limetoka wapi?"

"La zamani lilikatika wiki ileile walipofunga nguzo," alijibu, na hata kule ukutani nilimwona akijivuna. "Hilo nimelichagua mwenyewe kwenye rundo. Dogo, lakini zito ajabu! Rangi nimepaka mimi."

Vyombo vya kuhifadhia vitu vya mionzi ndivyo vilivyo: vidogo, na vizito ajabu.

"Upuuzi," meneja alisema. "Nguzo ziko hapohapo, mbona hazisemi kitu?"

"Mjomba, kila asubuhi unaziandaaje?"

"Kama nilivyoamriwa. Kabla ya lori la kwanza nafunga geti, nabonyeza kitufe cha sifuri ili nguzo zijue hewa ya kawaida ikoje, halafu naandika kitabuni: Sifuri, salama."

Hapo nikaelewa, na hasira ikanipanda. Geti likifungwa, mkono wa kizuizi uko chini na mkia uko juu, usawa wa nguzo. Kila alfajiri tulikuwa tunazifundisha nguzo zile kwamba sumu ile ni hewa ya kawaida. Lori likija, mkono unapanda, mkia unazama kwenye shimo la saruji, na nguzo hazioni kitu.

Nikaingia kibandani, nikavuta kamba ya kizuizi. Mkono ukapanda, pande likazama shimoni. Nikaweka kidole kwenye kitufe.

"Usithubutu!" meneja alifoka. "Sifuri inabonyezwa geti likiwa limefungwa! Ni amri!"

Nikabonyeza. Nikahesabu mpaka sitini, taa ikawa ya kijani. Kisha nikaiachia kamba.

Pande lilipochomoza tu, nguzo zote mbili zilipiga ukelele. Watu wa tanuru walitoka nje na kofia zao. Hakuna aliyecheka.

Nilivuta kamba tena, nikaifunga pande likiwa shimoni, nikawasukuma watu wote mbali, kisha nikapiga simu. Meneja alinishika kiwiko, sauti yake sasa laini kama siagi. "Tulimalize wenyewe. Mjomba wako atapewa likizo. Kile kitabu cha geti nipe nikakihifadhi."

"Nimeshawapigia wakaguzi wa mionzi wa serikali," nilimwambia. "Wako njiani. Na Mjomba anakwenda hospitali leo, na daktari ataambiwa amekaa karibu nalo siku ngapi."

Mjomba alikuwa amesimama na kitabu kwapani. Uso wake ulikuwa umesawajika. "Kwa hiyo ni mimi niliyelitundika," alisema.

"Ulifanya kazi yako, Mjomba. Waliokuandikia amri ndio hawakufanya yao." Niliogopa, na bado naogopa, maana majibu ya damu hayajatoka.

Meneja alinyoosha mkono kuchukua kitabu. Mjomba alimwangalia, kisha akachuchumaa, akakifungua juu ya goti lake.

"Humu mna sahihi zangu mia moja na tatu," alisema, "na zote za uongo."

Akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: LEO SI SIFURI. Akatia sahihi. Kisha akamgeuzia meneja kitabu na kumpa kalamu.

"Na wewe, bosi. Ulikuwepo."

Meneja hakuipokea. Watu wa tanuru walisogea, akatangulia yule wa mbele, mwenye glavu bado mkononi. Alizivua, akaomba kalamu.