Rangi Zilizobarikiwa

Rangi nilizinunua Kampala, na nitasema sababu kabla hujaniuliza kama Kenya imeishiwa maduka. Mtu wa Lurambi, huku magharibi mwa nchi, yuko karibu na Kampala kuliko Nairobi, na kule nililijua duka ambalo wanakuruhusu ufungue chupa, unuse, ujipake kidogo kwenye kidole, ndipo ununue. Hapa kwetu nilipouliza rangi za kuchorea nilipewa kalamu za nta zinazokwaruza karatasi bila kuacha kitu, kisha nikaulizwa kama nitachukua na gundi.

Sikuwa nikinunua kwa mchezo. Likizo ya Agosti iliyopita nilijitolea kufundisha uchoraji Kakuma, katika kituo kidogo cha watoto wa wakimbizi anachokisimamia mwalimu mwenzangu, Onesmus. Tulichora kwa makaa kwa sababu hatukuwa na kingine. Kulikuwa na msichana mdogo wa Bukavu aitwaye Nsimire, aliyechora ziwa la kwao kwa hayo makaa, na wenzake wakasema amechora shimo. Hakulia. Aliifuta ile karatasi kwa kiganja mpaka ikawa nyeusi yote, na hakuchora tena hadi nilipoondoka. Nilimwahidi kwamba nitarudi na rangi. Mtoto wa kambini ameahidiwa mengi na watu wengi waliovaa fulana safi, kwa hiyo aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu anayekusifia ng'ombe wake wa kesho. Nilitaka, angalau mara moja maishani mwake, aone mtu mzima aliyerudi na kile alichosema.

Ndiyo maana kule Kampala nilimchosha mwenye duka, mama mmoja aitwaye Roda. Rangi za unga zilikuwa nyingi na nafuu, lakini za unga zinataka maji, na Kakuma maji yenyewe yanapangiwa foleni. Nikachagua zile nzito za chupa. Nyekundu, njano na kijani zilikuwapo za kutosha. Samawati ilibaki kidogo tu, na Roda alikuwa amemwekea mteja wake wa chuo. Nikamweleza habari za ziwa lililoitwa shimo. Akaingia nyuma ya pazia, akanitolea samawati yote. Pale Malaba afisa wa forodha alishuku kwamba nimebeba rangi za magari, nikampaka nukta ya njano kwenye ukucha, akacheka, akanipitisha.

Sasa nije kwa Mzee Ignatius. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa letu, na ni haki niseme kwamba bila yeye nisingefika hata Malaba. Ndiye aliyesimamisha harambee ya rangi, ndiye aliyemtoa jogoo wake mwenyewe akanadiwa mbele ya madhabahu, na kina mama wakatoa pesa za mayai. Kwa hiyo aliponiambia kwamba nisipande basi la Jumatatu kabla ya vitu kuombewa Jumapili, nilikubali.

"Vitu vya kanisa haviondokangi bila maombi, mwalimu," aliniambia.

Nilidhani maombi ni maombi. Kumbe ni hema, viti vilivyovalishwa vitambaa, kipaza sauti kinachokoroma, na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuwa Erastus Shikanga, mwenye malori ya kubeba miwa kule Butali, na tulimngoja mpaka jua likatuhamisha viti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Siku hiyo hakuna mwenyeji aliyepona.

Mbele ya hema kilitandazwa kitambaa cheupe chenye maandishi makubwa: TUNAWAJALI WAKIMBIZI. Mfawidhi wetu wa sherehe, Mama Emily, akatangaza kwamba waheshimiwa wataacha alama za mikono yao hapo, ili wale watoto wajue wanapendwa. Sikuelewa mara moja. Nilielewa nilipoona katoni zangu zinafunguliwa na chupa zinamiminwa kwenye makarai, yale yale ya kuchanganyia saruji.

Nilimwendea Mzee Ignatius mbio. Nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu zote nilizolelewa nazo, kwamba rangi ikishamiminwa hairudi kwenye chupa, kwamba inaganda, kwamba safari ni kesho. Alinishika bega kwa upole.

"Mwalimu, tulia," alisema. "Watoto wa Mungu hawakosangi. Mgeni bado hajaweka mkono wake."

Mgeni akauweka. Hakuuchovya kidogo, la, aliuzamisha hadi kwenye saa. Alipoona mkono mmoja umependeza akataka na wa pili, wa rangi nyingine, kisha akataka kila kidole kiwe na rangi yake, na watu wakapiga makofi kana kwamba ameponya kiwete. Akafuata Mzee Ignatius. Wakafuata wazee wa kanisa, wake wa wazee wa kanisa, kwaya ya kwanza, na kwaya ya pili ambayo haizungumzi na ya kwanza. Mtu akaleta mtoto mchanga akachovywa mguu. Mama Emily alikuwa akizunguka na simu yake, anapiga picha na kuzituma hapo hapo kwa Onesmus, ili kule kambini wasikose uhondo.

Maji yalikuwa yamezidi unga. Kufikia hapo kila aliyekuwa anachovya alikuwa anatoka karai moja kwenda jingine bila kufuta mkono, na rangi zote zikawa rangi moja, ile ya kinyesi cha ndama anayeharisha. Samawati ya Roda ilikuwa humo. Nilitazama ndani ya karai. Nimewahi kuona mlevi akitapika kwenye kaburi la mjomba wangu siku ya mazishi, na sikuchefuka hivi.

Niliziendea katoni. Kulikuwa na chupa za njano chini kabisa, nikazikumbatia. Mama mmoja wa kwaya akanikemea mbele ya watu kwamba naficha mali ya kanisa, akaninyang'anya. Alitaka njano kwa ajili ya wajukuu wake, waliokuwa wamepanga foleni.

Kisha ikatangazwa kwamba chakula kiko tayari. Wasichana wakapita na majagi na mabeseni, wakimwagia watu maji mikononi. Beseni likijaa, linamwagwa kwenye nyasi nyuma ya hema, na nyasi zikawa za rangi ya ajabu. Nilisimama pale kama mfiwa. Wengine hata hawakunawa vizuri. Nilimwona Shikanga akimega obusuma, ugali wetu, kwa vidole vyenye kijani kwenye kucha, akichovya kwenye mchuzi wa ingokho, kuku wetu wa kienyeji, akilamba. Mzee Ignatius aliniletea sahani kwa mkono wake, paja la kuku juu yake, akaniambia nimefanya kazi nzuri sana, na kwamba mwezi ujao tutafanya harambee nyingine. Nilijua ananipenda. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi, kwa maana mwizi ungempigia kelele za mwizi, lakini anayekupenda utamwitaje?

Sikula. Niliiweka sahani chini ya kiti, na simu yangu ikaita. Alikuwa Onesmus. Alishukuru kwa furaha, akasema picha zimefika, watoto wamemzunguka wanazitazama, tangu asubuhi wamekuwa wakifagia darasa. Akauliza nitawasili saa ngapi. Akasema Nsimire ana swali, na kabla sijajibu simu ikawa mkononi mwa mtoto.

Nilisikia pumzi yake kwanza.

"Mwalimu," alisema kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu, "bale bazee balikimbia vita gani?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Aliambiwa rangi ni za wakimbizi. Ameona picha za watu wanaozitumia. Amewahesabu kuwa wakimbizi wenzake, akawaonea huruma.

Nilipita katikati ya meza. Mzee Ignatius alinitabasamia, akidhani naenda kutoa neno la shukrani, akamwashiria Mama Emily anipishe. Niliwasha sauti ya nje ya simu, nikaisogeza kwenye kipaza sauti. Hema lote lilikuwa likitafuna.

"Rudia, mama," nikamwambia Nsimire. "Sema polepole. Wazee wanakula."