Msuko wa Mohini

Bwana Varadan ana akili za kujaza kisoda, lakini ndiye mwenyekiti wa hekalu letu. Mimi nauza maua langoni. Wenyeviti wapumbavu nimewaona wengi. Huyu amewapita wote.

Kila mwaka, siku ya Mohini, mungu wetu Vishnu huvishwa sari. Kisa chake hata watoto wanakijua: alijigeuza mwanamke mrembo, ndiye Mohini, akawazuga mashetani na kuwapokonya kinywaji cha uzima. Msuko wake wa asumini, unaoning'inia mgongoni, ni kazi ya Kanakam. Huusuka humo ndani, mbele ya macho ya mungu, kisha kuhani humfunga nao. Kanakam alizaliwa mvulana; mimi namjua mwanamke. Miaka kumi na tisa anausuka, na mji huu haujampa heshima nyingine yoyote.

Mwaka huu Varadan alimzuia mlangoni.

"Mwanamume aliyevaa sari haingii humu!"

"Bwana, mungu ananisubiri," Kanakam alisema.

"Mke wangu atasuka. Toka!"

Nyani haoni kundule! Kanakam akaketi kando yangu akilia, nami nikamtukana mtu yule mpaka wateja wakanikimbia.

Mke wa Varadan alisuka kama anayefunga mzigo wa kuni. Pazia lilipofunguliwa mbele ya umati, msuko mzima ukaporomoka miguuni pa mungu. Akina mama wakapiga mayowe: nuksi! Kuhani mzee akagoma kuendelea na ibada. Varadan akaja mbio, jasho likimtiririka.

"Dada Kanakam, tafadhali, ingia."

Leo amekuwa dada!

Kanakam akafuta machozi. "Si umesema mwanamume mwenye sari haingii? Basi mtoe kwanza huyo aliyeko ndani."

Mtaa ukaangua kicheko. Kuhani, aliyekuwa nyuma ya Varadan, hakucheka. Aliwaita wabebaji, nao wakamleta Vishnu na sari yake na kipini chake cha pua hadi kizingitini. Kanakam akasuka pale pale, mchana kweupe, mungu akimtazama. Hakuwa na haraka.

Desturi yetu, kioo hushikwa nyuma ya mungu ili waumini wauone msuko. Kuhani alimkabidhi Varadan kile kioo.

"Juu kidogo, bwana mwenyekiti," Kanakam akamwambia.

Akainua.