Mkate wa Nosir

Msimu wa aprikoti ukifika, Isfara haina mtu wa kukaa chini. Mji mzima huhamia juu ya mapaa. Matunda yanapasuliwa, kokwa zinatolewa, nusu zake zinaanikwa juani kwenye mbao, mpaka ukitazama kutoka mlimani utadhani kila nyumba imetandika zulia la rangi ya kiini cha yai. Midomo nayo hailali. Posa za Isfara huvunjikia juu ya mapaa, na hukohuko hufungwa upya.

Savri alilijua hilo, ndiyo maana akachagua kuja msimu huo. Alikuwa mkaza mwana wa Mama Tillo, nyumba ile ya tatu kutoka mtoni, ingawa kwa muda mrefu sasa alikuwa akishona nguo mji mkuu, Dushanbe, kwenye kibanda kilichojaa wateja na umbea. Alikuja na ombi zito, na alijiambia kwamba mbele ya majirani Mama Tillo angeona haya kumkatalia.

Ombi lenyewe lilihusu mkate. Nosir, mumewe Savri, alipoondoka kwenda Urusi kutafuta kibarua cha ujenzi, alifanya kama afanyavyo kila asafiriye. Alisimama kizingitini, mama yake akamshikia mkate wa duara uliotoka tanurini wakati huohuo, akauma mara moja, akaenda zake. Uliobaki ukafungwa kitambaa, ukatundikwa ukutani. Aliyeuma ndiye humalizia siku anaporudi. Maadamu mkate unaning'inia, mwenyewe bado yuko njiani.

Nosir alipiga simu majira mawili ya baridi. Ya tatu akanyamaza. Wenzake walisema walimwona akivuka mto ulioganda, na ng'ambo hakutokea. Maiti haikuletwa. Mulla alishamwambia Savri kwamba amesubiri vya kutosha, anaruhusiwa kuolewa. Mchumba naye alikuwepo: Shodmon, fundi wa viatu, mtu wa masihara ambaye alimchekesha Savri mpaka sindano ikamchoma. Tatizo lilikuwa mama yake Shodmon, mtu wa kale na nusu. "Siingizi kwangu mwanamke ambaye mkate wa mumewe bado uko ukutani," alisema, na hapo habari ikaisha. Na mkate wa namna hiyo hautunguliwi na yeyote ila mama mzazi wa msafiri, kwa mkono wake, akaufikicha akawapa ndege. Mama Tillo akiutungua, Savri ameolewa. Asipoutungua, Savri atazeekea kwenye cherehani.

Mama Tillo alimpokea kwa mabusu mashavuni, akamvua mzigo, akamlalamikia kwa nini amekonda, akampandisha juu ya paa kabla hata chai haijapoa. Huko kulikuwa na majirani tele waliokuja kusaidia, miguu wameinyoosha, visu vikienda. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Kurbonoy, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye habari zikimfikia uchi hutoka kwake zimevaa shela.

"Amekonda wapi huyu?" Kurbonoy alisema. "Dushanbe kuna shibe, dada. Mumeo huku ndiyo kwanza anaanza kupata rangi."

Wanawake wakacheka, na Savri akacheka nao, maana kibandani kwake alizoea kutaniwa na kujibu. Akangoja mtu amalize utani. Hakuna aliyeumaliza. Mmoja aliomba kisu chenye makali, mwingine akaendelea na hadithi ya binti fulani aliyekataa posa, na katikati ya hadithi ile jina la Nosir likawa linapita kama jina la mtu aliyeingia ndani kunywa maji. Nosir kasema mti wa kando ya mfereji uvunwe kwanza. Nosir mwaka huu hakohoi sana. Redio ipunguzwe, Nosir hapendi kelele wakati wa jua kali.

Savri alimtazama Mama Tillo. Mama Tillo alikuwa akipasua aprikoti, ametulia, juisi inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Halafu wakavuta miguu. Alianza yule aliyekaa karibu na ngazi, akafuata wa pili, wa tatu, mpaka Kurbonoy mwenyewe, kama wanawake wavutavyo miguu mwanamume anapokatiza paani. Mmoja alishusha sketi ifunike kifundo. Mwingine alisogeza ubao wa matunda usikanyagwe. Wala hawakuacha kuongea. Jua lilikuwa utosini, kivuli cha kila mtu hakizidi sahani, na pale walipopisha hapakupita kitu. Kisha miguu ikanyooshwa tena.

Pembeni ya paa, ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na chungu ya maganda ya kokwa. Wengine wote walivunja kokwa zao kwa jiwe, zikitawanyika vipande ovyo. Zile za pembeni zilikuwa zimefunguka katikati, nusu kwa nusu, safi kama kijisanduku na kifuniko chake. Savri alimjua mtu mmoja tu aliyeweza kufanya vile, kwa magego ya upande wa kushoto, na kila usiku wa ndoa yao alikuwa akimpigia kelele kwamba atavunja meno.

Aliinuka, akamwomba mama mkwe washuke ndani kidogo.

Chumbani mlikuwa na ubaridi na harufu ya ufuta. Mkate ulikuwa palepale juu ya msumari, kitambaa kilekile cha maua mekundu, lakini kilining'inia kilegevu kama soksi isiyo na mguu. Savri alikifungua. Alitegemea kukuta mkate mkavu wa kupigia mtu, umeng'atwa mara moja ukingoni. Alikuta kipande tu, cha kutosha tonge mbili, na alama za meno zimekizunguka pande zote. Alikibonyeza. Kilibonyea.

"Unabadilisha mkate, mama," alisema taratibu.

"Nibadilishe wa mwanangu? Nitakuwa nimekufuru." Mama Tillo alichukua kitambaa, akakikung'uta, akakikunja. "Anakula kidogokidogo. Msimu wa kwanza aliuma mara moja, tukadhani ni panya. Wa pili tukamjua. Njia yake ndefu, mwanangu, hawezi kufika mara moja. Anafika kwa tonge."

Savri akakumbuka alichokijia, akakisema chote kwa pumzi moja: Shodmon, mama yake Shodmon, ruhusa ya mulla, miaka inayokwenda. Alipiga magoti, akaishika mikono ile iliyonata juisi, akamwomba autungue mkate huo mdogo uliobaki, awape ndege, amwachie njia yake.

Mama Tillo hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimpangusa machozi kwa upindo wa kitambaa cha kichwani mwake.

"Mimi sikushiki, Savri. Tazama mkate ulivyobaki. Kesho, kesho kutwa ataumaliza, atakuwa hapa mzima, nawe utamwomba mwenyewe akuache. Mkate ukiisha, umeisha. Siutungui mtu akiwa ameshafika mlangoni."

Akapanda zake ngazi, maana matunda hayasubiri.

Savri alibaki na kipande mkononi. Aliwaza kama awazavyo mtu aliyezoea kujitafutia dawa mwenyewe. Mkate ukiisha, umeisha. Maneno si yake, ni ya mama mwenye mkate. Hakuna aliyesema lazima uishe kinywani mwa nani. Ndiyo, watoto wote wa Isfara hukanywa wasiguse mkate wa msafiri, lakini hukanywa pia wasikanyage kizingiti wala wasipige mluzi ndani, na nani aliyekufa kwa mluzi? Huko juu alisikia ubao ukisogezwa na miguu ikivutwa tena. Kisha ngazi ikalia, daraja la juu kabisa, kama mtu anayeanza kushuka.

Akautia mkate kinywani wote.

Ulikuwa na joto. Ulikuwa mtamu kuliko mkate wowote aliowahi kula, wenye chumvi na ufuta na moshi wa kuni za mti wa aprikoti, na alipoumeza alihisi njaa ya ajabu ikikunja mbawa tumboni mwake, njaa ambayo hakujua kwamba alikuwa nayo. Ngazi ikanyamaza.

Alipanda paani akiwa mwepesi. Alitaka kusema tu, umeisha, mama, kaondoe msumari. Lakini kichwa chake kilipotokeza, visu vilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hapakuwa na aliyeongea juu ya paa la Mama Tillo, na ukasikika mto.

Mama Tillo alijipangusa mikono kwenye gauni, upande wa ndani na wa nje. Akaja, akamshika uso.

"Umefika, baba," alisema. "Umefika, mwanangu."

Wakamjia wote. Walimbusu begani kama mtu wa safari, wakalia, wakacheka, na Kurbonoy akampiga kofi mgongoni akisema Urusi wanamla mtu nyama wanamrudisha mifupa. Savri akacheka nao. Alikuwa mtu wa mizaha, na mzaha huu ulikuwa mbaya lakini mzaha. Akawaambia haya, imetosha, mimi ni Savri, jamani. Sauti iliyomtoka ilikuwa imekwaruza kidogo, akadhani ni ufuta.

"Savri yuko Dushanbe," Mama Tillo alimjibu kwa upole, kama ambembelezaye mwenye homa. "Maskini, amengoja sana. Ngoja nimpigie, asikie kwa kinywa changu."

Akatoa simu kifuani. Savri alitia mkono mfukoni kutafuta yake, aizime, aikomeshe michezo hii. Mfukoni mlikuwa na kokwa. Za jana, za juzi, kavu, zimeshiba mfuko mzima. Na mfuko wenyewe haukuwa mahali alipoushona yeye.

Simu iliita. Ikapokewa. Mama Tillo aliiweka sauti ya juu, kwa sababu paa zima lilitaka kusikia, na juu ya paa hilo hapakuwahi kuwa na siri.

"Mkate umeisha, mwanangu," alisema. "Msumari nautoa leo. Sina neno nawe, nenda kaolewe kwa heri, na radhi yangu unayo."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za cherehani, halafu zikakoma. Kikasikika kilio. Savri alikitambua kabla hakijawa maneno, kwani kila mtu hujua kilio chake mwenyewe: kile cha kuvuta pumzi mara mbili kwanza. Ilikuwa ni sauti yake, inashukuru, inashindwa kushukuru, inamwita mtu aliye karibu. Shodmon akajibu kitu cha kuchekesha huko huko, kwa mbali, na sauti ile ikacheka katikati ya machozi, namna hasa ambayo yeye angecheka.

Mama Tillo akakata simu. Wanawake walipangusa macho, wakasema msichana yule alistahili, kavumilia, sasa apumzike. Mmoja alikumbuka kwamba chai imepoa. Mwingine akasema basi kazi iendelee, jua halimsubiri mtu.

Alisimama pale akitafuta wa kumtazama machoni. Walikuwa wanamtazama wote, kwa mapenzi. Akatoa kokwa moja mfukoni, si kwa kutaka, mkono ulijua njia. Akaiweka kwenye gego la kushoto, akabana. Ikafunguka katikati, nusu kwa nusu.

Pembeni, mahali pake palikuwa wazi. Akaanza kwenda, na wanawake, mmoja baada ya mwingine, bila kukatiza maongezi, wakavuta miguu apite.