Mikono Kumi ya Vanishi

Mimi nauza yoti. Watu wakisikia hivyo huniangalia viatu kwanza, waone kama navyo vinafanana na kazi yangu, kisha hucheka. Wana haki ya kucheka. Boti ninazouza zina urefu wa mita hamsini, zina lifti, zina bwawa la kuogelea juu ya bahari, jambo ambalo sijawahi kulielewa, na kwangu bomba la jikoni linavuja mwaka wa pili sasa. Lakini mdomo ninao. Mjomba wangu aliponiombea kazi kiwandani alimwambia Meneja kwamba mtoto huyu anaweza kumwuzia samaki maji. Meneja akacheka, akanichukua.

Mjomba ndiye aliyekuwa mpiga vanishi mkuu. Ni kaka wa mama yangu, wa tumbo moja. Yeye huniita mjomba nami humwita mjomba. Kiwandani walimpa jina la Kioo, kwa sababu meza akiimaliza yeye unaweza kunyolea ndevu juu yake. Kiwanda kile kina heshima ya vizazi vitatu, na katika kitabu cha picha tunachowapa wateja, ukurasa wa kwanza hausemi habari za injini wala lifti. Unasema kwamba mbao zote hupigwa vanishi mikono kumi, na kila mkono huachwa siku nzima ukauke kabla ya kupigwa mwingine. Hiyo ndiyo sifa yetu, na sifa hiyo ilikuwa imelala mikononi mwa mjomba kwa miaka thelathini na moja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Kila alipomaliza mkono mmoja, mjomba alichora mstari wa penseli nyuma ya mlango wa kabati la chini ya ngazi. Mistari ikifika kumi, Msimamizi wa karakana anakuja, anahesabu, anatia sahihi, ndipo sisi wa mauzo tunaruhusiwa kumwingiza mteja. Penseli ile haikuguswa na mtu mwingine. Haikuandikwa popote kwamba ni mwiko, lakini kila mtu alijua.

Boti ninayotaka kuisema ilikuwa ya kwanza kupewa mimi niiuze peke yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nawabebea wakubwa vitabu vya picha na kupanga viatu vya wageni, maana kwenye sitaha zetu hapandi mtu na viatu. Mteja wangu alikuwa bwana mmoja wa viwanda vya saruji, mpole, asiyependa kusubiri. Tulikuwa tumekubaliana aje baada ya wiki mbili. Jumatatu katibu wake akapiga simu kwamba bwana atapita Jumamosi hiyo hiyo, kwa kuwa Jumapili ana boti ya kiwanda kingine ya kuangalia. Nikamjibu kwamba boti iko tayari. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Mistari ilikuwa saba. Nikapiga hesabu: wa nane Jumatatu, wa tisa Jumanne, wa kumi Jumatano, tena ningekuwa na siku ya ziada. Nisilolijua ni kwamba mjomba alikuwa na homa. Mtu mwenye akili angelala nyumbani. Yeye alikuja kazini siku zote tatu, akajifungia katika stoo ya rangi, akalala juu ya maboksi, na Msimamizi akipita anamwambia kazi inakwenda. Alikuwa hajawahi kukosa kazi, na alitaka kustaafu akiwa hajakosa. Ukaidi ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Jumatano saa kumi na moja jioni, mafundi walipokwenda kunawa, nikapanda kwenye boti kuhesabu. Saba. Nikaenda stoo nikamkuta amelala kinywa wazi, jasho limemlowesha shati. Nilipaswa kumwamsha nimpeleke nyumbani, kisha nikamwambie Meneja kwamba nimeropoka kwa mteja. Angenifokea dakika tano, yakaisha. Badala yake nilichukua penseli iliyokuwa juu ya sikio lake, taratibu, asishtuke, nikarudi kwenye boti nikachora mistari miwili. Niliiga hata kile kikia kidogo anachokiweka chini ya kila mstari. Kisha nikamrudishia penseli sikioni. Mkono haukunitetemeka, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Alhamisi homa ilikuwa imepungua. Nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa kabati, anahesabu kwa kidole, anarudia. Akaenda kwenye meza kubwa ya ukumbini, akapitisha dole gumba ukingoni kama anavyofanya siku zote, amefumba macho.

"Mjomba," akaniambia, "kidole kinaniambia saba. Mlango unaniambia tisa."

"Ulipiga mwenyewe jana na juzi," nikasema. "Nilikuona. Homa tu imekusahaulisha, na mikono ya mgonjwa inakufa ganzi."

Alinitazama kidogo. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni mwangu, ila hakukipata. Akacheka, akasema uzee umeanza kubisha hodi, akashika brashi, akapiga mkono aliouita wa kumi. Ijumaa Msimamizi akatia sahihi. Jumamosi bwana wa saruji akavua viatu, akatembea na soksi zake za bluu, akajitazama kwenye ile meza akatabasamu. Akainunua. Nilipigiwa makofi ofisini, na mjomba alipiga kuliko wote.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miezi minne. Boti ilirudi na nahodha wake, mtu mwenye maneno machache, akatuonyesha reli za sitaha ya juu na meza ya nje. Vanishi ilikuwa imeshikwa na weupe, inabambuka kama ganda la kitunguu. Msimamizi akakwangua kipande, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia, akahesabu tabaka. Zilikuwa nane. Akafungua kabati, akahesabu mistari. Ilikuwa kumi. Tulisimama pale peku, Meneja, Msimamizi, mjomba na mimi.

Meneja akauliza, kwa upole kabisa, kama kuna mtu aliyemharakisha fundi. Alisema mteja angeambiwa asubiri wiki moja zaidi, na hakuna ambaye angekufa. Hapo mlango ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yangu. Nilichotakiwa ni kufungua kinywa, mimi ninayelishwa na kinywa. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Kazi ni yangu na mistari ni yangu," mjomba akasema. "Kichwa ndicho ambacho si changu tena. Mniwie radhi."

Akakabidhi ufunguo wa stoo siku ile ile. Hawakumfukuza, walimwaga kwa keki na saa ya ukutani, na mimi ndiye niliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya ukoo. Niliitoa. Watu walilia. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi nayo huchagua wa kuwameza.

Nilidhani yangeishia hapo. Mzee kapumzika, nikawa najiambia, alistahili kupumzika. Lakini mkaza mjomba alipokuja kwetu alitueleza mambo mengine. Mumewe hawashi tena jiko, anaogopa ataliacha likiwaka. Haendi dukani, anaogopa kupotea, na hajawahi kupotea hata siku moja. Akitoka chumbani anarudi kuangalia kama amefunga dirisha, mara tatu, mara nne. Amepelekwa kwa daktari, akaulizwa maswali ukurasa mzima, akajibu yote sawasawa. Daktari akasema huyu ni mzima. Mjomba akamwambia mkewe njiani kwamba amemdanganya daktari wa watu, alibahatisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa nguoni mwa mjomba tangu nikiwa mtoto.

Ilinichukua mwezi mwingine. Jumapili moja mchana nikaenda kwao nikiwa nimejifunza maneno njia nzima. Nilimkuta sebuleni, mkewe anampa vidonge vya presha na glasi ya maji. Akavimeza mbele yangu, akarudisha glasi. Mkewe alipokwenda jikoni nikaketi chini, kwenye zulia, kwa sababu kiti sikukistahili.

Nikamwambia yote. Simu ya katibu, stoo, penseli iliyokuwa sikioni, vikia viwili. Nikamwambia kidole chake kilisema kweli, tabaka zilikuwa saba, na kichwa chake hakijawahi kuwa na kasoro. Nililia pia, sitaficha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaweka mkono kichwani pangu kama alivyokuwa akifanya zamani nikianguka.

"Umeshamwambia Meneja?" akauliza.

"Bado, mjomba."

"Unaona?" Alitabasamu. "Ingekuwa kweli, ungemwambia Meneja kwanza. Mkaza mjomba wako amekutuma, eh? Mmekaa mkapanga mnitulize."

Nikaapa. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu, dada yake. Kwa mara ya kwanza niliona anafikiri, anarudi nyuma, anaitazama ile Alhamisi upya. Nikamwomba Mungu amfikishe kwenye ukweli. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Nilisimama pale mbele ya wote nikakabidhi ufunguo, na wewe ulikuwepo, hatua mbili tu kutoka kwangu. Mtoto wa dada yangu hawezi kuona hivyo akanyamaza. Nakujua. Mimi ndiye niliyekulea."

Kila neno la kumthibitishia kwamba ana akili timamu lilikuwa pia neno la kumwambia kwamba hana mpwa. Akanipangusa uso kwa kiganja chake, kile kile kigumu cha msasa, akaniambia nina moyo mzuri, ila nisijitwishe mzigo usio wangu, hasa kwa jina la marehemu.

Kisha akaanza kuhangaika, anapapasa mfuko wa shati, anaangalia meza, anaangalia mlango wa jikoni.

"Mjomba," akaninong'oneza, asije mkewe akasikia, "hivi dawa nimekunywa, au bado?"

"Umekunywa," nikasema. "Nimekuona."

Akashusha pumzi, akaegemea kiti. Aliniamini pale pale.