Fimbo Nje, Komeo Ndani

Mjukuu wangu alikuja kukaa kwangu alipopata kazi ya kompyuta, kwa majaribio kwanza. Namwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, lakini wiki ile kazi ilipomgomea aliongea kidogo hata nikaanza kuutamani ule usumbufu.

Kazi yenyewe, alivyonieleza huku tukichambua mchele, ni ya kiini cha mfumo, kile kinachokaa chini ya programu zote.

"Kila programu inahitaji nafasi kwenye memori, Bibi. Kiini ndicho mgawaji. Unaomba, unapewa, ukimaliza unarudisha."

"Na pakijaa?"

"Unaambiwa subiri, anatumwa msafishaji akaondoe visivyotumika. Hapo ndipo sehemu yangu inapogoma. Memori ikijaa tu, mashine nzima inatulia kama maji mtungini, na sababu siioni."

Mkaguzi wao, ambaye wenyewe wanamwita Bwana Rudisha, alikuwa amekwisha kumrudishia kazi yake mara mbili. Asubuhi hiyo akamwandikia kwamba jioni ikiganda tena, kazi anapewa mwingine. Chiriku alisoma, akajifunika uso kwa viganja.

Nikaenda kuoga.

Goti langu bovu. Naoga nimekaa kwenye kigoda, na kusimama ni mpaka nishike fimbo. Komeo la bafuni nalo fundi alilipachika juu kule, sijui alidhani anamfungia twiga. Nikalifunga nikiwa wima, nikakaa, nikaoga vizuri tu. Kutazama, fimbo sina. Niliiegemeza nje ya mlango.

"Chiriku! Niletee fimbo!"

"Fungua basi."

"Nifungue vipi nimekaa? Nipe fimbo nisimame."

"Nikupe vipi na umefunga?"

Nikacheka. "Mke mwenzangu, leo utanirithi humu humu."

Nilidhani atacheka nami.

"Bibi," akasema taratibu, "hiki ndicho ninachokifanya."

"Unafanya nini tena?"

"Nafunga kwanza, ndipo naomba. Naweka kufuli kwenye orodha ya mafaili, halafu nikiwa bado nimelishikilia naomba nafasi. Msafishaji anataka kupita kwenye orodha hiyo hiyo, anakuta kufuli langu. Yeye ananingoja mimi, mimi namngoja yeye. Natakiwa niombe kabla sijafunga!"

"Hongera, mwanangu. Lakini mimi niko uchi."

Akaleta kiti, akapanda, akanipitishia fimbo kwenye kidirisha cha juu. Nilipotoka nimevaa, nilimkuta ameinamia kompyuta, anahamisha mistari kutoka chini kuipeleka juu. Kisha akaijaza memori makusudi. Nikakaa ubavuni kwake. Mashine ilijikokota, ikahema, mimi nikahema nayo. Haikuganda. Akaijaza tena, na tena. Akaituma kazi kwa Bwana Rudisha.

Jibu lilikuja jua likizama. Alisoma, akanigeukia.

"Kairudisha?"

"Kaipokea, Bibi. Anauliza nimegunduaje."

"Ole wako umwambie!"

Akaanza kuandika huku anacheka. Nikamwekea mkono mgongoni, maana mabega yalikuwa yakitetemeka, na haikuwa kwa kicheko peke yake.