Faini ya R na L

Mwalimu Evelina alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mitatu, na alipostaafu yeye, ualimu ulikataa kustaafu. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni, Klabu ya Huduma ya Mkuyuni ilipokutana, yeye ndiye aliyekuwa sajenti: mwenye kengele, mwenye kopo, mwenye ruhusa ya kumtoza faini yeyote kwa lolote. Umechelewa, faini. Simu imelia, faini. Umevaa shati jipya bila kuitaarifu klabu, faini. Watu walicheka wakatoa, na vicheko hivyo vilishanunua madawati ya shule na miwani ya wazee.

Faini ya R na L aliibuni mwenyewe. Mwanza bwana! Nusu ya wanachama walipiga "kula" siku ya uchaguzi, na mwenyekiti Luhende, mwenye duka la mabati kule Mabatini, aliwahi kumshukuru mgeni rasmi kwa "kureta fulaha". Ulikuwa utani wa nyumbani, na hakuna aliyenuna. Au basi, yeye hakumwona.

Aliyelipa kuliko wote ni mzee Mayala, mchuuzi wa samaki kule mwaloni, soko la ufukweni, na mmoja wa waanzilishi wa klabu. Lakini alikuwa msemaji hasa. Watu wa ziwani walipomsikia, mifuko ilifunguka yenyewe.

Jumatano moja klabu ilijadili harambee ya maboya ya kujiokolea, kwa ajili ya wavuvi na wanafunzi wanaovuka kwa mitumbwi. Mzee Mayala akasimama. Hakuwahi kuwasimulia kifo cha mwanawe Revocatus, na siku ile, bila kuombwa na mtu, alianza.

"Levokatusi wangu hakuwa na boya," alisema. "Tulimtafuta siku mbili nzima. Siku ya tatu tukamkuta ufukweni, amerara mchangani..."

Kengele ikalia.

Mkono wa Evelina ulitangulia akili yake. Sikio lilidaka lile neno, mkono ukafanya ulichozoea, na mdomo ukamalizia: "Amelala, mzee! Faini!" Ukumbi ukaangua kicheko kabla haujaelewa unacheka nini. Kisha kicheko kikakatika. Mzee Mayala akatoa shilingi mia tano, akaitumbukiza kwenye kopo, akaketi. Hakuna aliyemwomba aendelee. Luhende alikohoa, akaita ajenda iliyofuata.

Evelina angeweza kusimama palepale akaomba radhi. Aliona aibu, akajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo kiti cha mzee kilikuwa kitupu, na iliyofuata vilevile. Harambee ikafanyika bila yeye. Wenye maduka walikuja na hotuba zao ndefu, watu wa mwaloni hawakuonekana, na kilichopatikana hakikutosha hata maboya kumi. Klabu ikaamua kujaribu tena, safari hii mwaloni kwenyewe, na Luhende hakuzunguka mbuyu.

"Mwarimu, wewe ndo umemfukuza," alimwambia. "Nenda kamludishe."

Evelina alikwenda mwaloni Alhamisi asubuhi. Alimsikia mzee kabla hajamwona.

"Sato wa reo hawa, bado wanaluka! Njoo uchague, bei tutaerewana!"

Wateja walikuwa wakicheka naye. Alipomwona Evelina, aliacha kunadi, akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee Mayala."

Mdomo wake ulifunguka kuitikia, ukafunga. Akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuja kuomba radhi," Evelina alisema. "Nilikukosea mbele ya watu, tena kwa jambo lile."

"Nimekusamehe, mama. Sina kinyongo."

Miaka yote alikuwa akimwita Mwalimu. Evelina aliliona hilo, lakini akaendelea: "Basi njoo Jumapili, mzee wangu. Harambee ni hapahapa. Watu wanakungoja wewe useme."

Mzee aliteua maneno kama anayechambua mchele. "Samaki nitatoa. Maneno, hapana."

"Kwa nini?"

"Sina maneno safi."

Hapo ndipo sikio la Evelina, lilelile lililomponza, lilipoamka. Aliyarudia maneno ya mzee kichwani moja moja: nimekusamehe, kinyongo, samaki, hapana. Hamkuwa na R hata moja. Hamkuwa na L. Mtu mzima wa miaka sabini, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akinadi samaki kwa raha zake, alikuwa akimpepetea maneno ili asimwachie la kutoza. Ndiyo maana hata "marahaba" aliimeza. Evelina alijichukia, na safari hii hakuwa na pa kuahirisha.

"Sema upendavyo, mzee," alimsihi, machozi yakimlengalenga. "Sema vyovyote vile. Nisimulie habari za Revocatus."

"Kijana wangu," alisema mzee Mayala taratibu, kisha akakwama. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia. Jina la mwanawe lilianza na R, na mbele ya Mwalimu Evelina hakuthubutu kulitaja.