Makosa Ambayo Pélagie Hakuyaandika

Jumamosi ile Bundi, timu ya besiboli ya Rågsved, kitongoji cha Stockholm, walishindwa kumi na nne kwa mbili, na hiyo ilikuwa mara ya nane mfululizo. Wageni kutoka Jakobsberg walikuwa wameshapanda basi lao wakaenda zao, lakini washabiki wa Rågsved walikuwa bado wamekaa kwenye ule mteremko wa nyasi nyuma ya uzio, kama watu waliokuja msibani na hawajaonyeshwa maiti.

Kimani ndiye aliyeanza. Alisimama, akakung'uta nyasi kwenye suruali, akasema kwa sauti ya kusikika hadi benchi la wachezaji:

"Timu imejiita Bundi! Kwetu bundi akitua juu ya paa, watu hawalali. Nyinyi mmemshona kwenye kofia, halafu mnashangaa?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha hasira.

"Bundi hana neno," akasema Précieuse, huku akifunga chupa yake ya chai. "Mbaya ni yule anayemfuga."

Macho yote yakamwendea Zachariah, kocha, aliyekuwa akiokota mipira uwanjani peke yake. Alikuwa Mkenya, fundi wa mabasi, mtu wa maneno machache. Besiboli aliijulia Amerika alikosoma miaka minne, na ndiye pekee kati yao aliyewahi kuicheza kabla ya kufika Stockholm.

"Kila wiki wale wale! Kila wiki!" Kimani aliendelea. "Kiprono ana miguu ya swala, amewekwa benchini kama mwavuli wa kiangazi. Huyu mtu anapanga timu akiwa amefumba macho, au vipi? Mama Pélagie, wewe unayeandika kila kitu, si utuambie!"

Pélagie alikuwa kwenye meza yake ndogo nyuma ya uzio, penseli mkononi, raba pembeni, kitabu cha mchezo mbele yake. Aliinua kichwa. Angeweza kunyamaza, maana kunyamaza ndiyo ilikuwa desturi yake. Lakini alisema:

"Kocha hasikii ushauri. Hilo ndilo ninaloliona mimi."

Wakaitikia kwa vichwa. Neno la Pélagie lilikuwa na uzito pale, kwa sababu hakuwa msemaji, na kwa sababu kitabu kilikuwa chake.

Kitabu hicho kilimjia baada ya kifo cha Alphonse, mumewe. Précieuse, rafiki yake wa kanisani, alikuwa akimvuta uwanjani kila Jumamosi ili asikae ndani akitazamana na kiti kitupu. Pélagie alikuwa haelewi mchezo ule hata kidogo, ila alikuwa na macho. Hakushika simu, hakupiga soga, alitazama tu. Rebecka, yule Mswidi mwenyekiti wa klabu, alimwona, akampeleka kwenye mafunzo ya siku mbili ya kuandika mchezo. Pélagie aliyeishia darasa la sita kule kwao Uvira akarudi na cheti chenye jina lake, akakitundika ukutani chini ya picha ya Alphonse.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mpigaji akipiga mpira, na mchezaji wa upande wa pili akashindwa kuushika, mwandishi ndiye anayeamua. Kama mpira ulikuwa mkali, anaandika H, yaani pigo zuri, sifa ya mpigaji. Kama mpira ulikuwa wa kawaida na mtu ameuachia kwa uzembe, anaandika E na namba ya mahali pa mchezaji huyo. Hilo ni kosa, na kosa linakaa kwenye jina lake msimu mzima. Mwamuzi wa uwanjani haingilii. Ni penseli na dhamiri ya mwandishi.

Shalom, mtoto wa Précieuse, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alicheza namba sita, pale kati ya kituo cha pili na cha tatu cha wakimbiaji, ambapo mipira huja mingi na ya moto.

Mchezo wa kwanza wa mwezi wa tano, mpira ulijiviringisha taratibu ukapita katikati ya miguu ya Shalom. Hata mtoto angeuokota. Précieuse alikuwa amekaa ubavuni mwa Pélagie, akauziba mdomo wake kwa kiganja. Huyu ndiye Précieuse aliyelala sakafuni kwa Pélagie wiki sita baada ya mazishi, akimwamsha kula, akimwogesha kama mtoto. Penseli ya Pélagie ilisimama hewani. Kisha ikaandika H.

Mpira uliruka vibaya, alijiambia. Kulikuwa na kokoto.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kokoto tena. Na iliyofuata. Ikafika mahali Pélagie hakuhitaji hata kokoto. Aliandika H akasogeza macho kwa mpigaji mwingine, na jioni alipopiga magoti aliomba kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri na wajane, akaliruka hilo kama mtu anavyoruka dimbwi la maji barabarani.

Michezo mitatu Shalom alikuwa kazini, na Kiprono akashika nafasi yake. Kiprono aliachia mipira sita. Mama yake alikuwa Eldoret, hakuwa ubavuni mwa mtu. Penseli haikusita: E, E, E, zote sita.

Jumatano baada ya kile kipigo cha Jakobsberg, kwenye maombi ya kina mama nyumbani kwa Précieuse huko Farsta, Pélagie aliongoza sala. Alimwomba Mungu awaponye, awalinde, halafu akaongeza: "Na wale watoto wa uwanjani, Bwana, uwaondolee mtu asiyeona, uwape mwenye macho."

"Amina!" Précieuse akaitikia kwa nguvu hadi vikombe vikalia.

Washabiki walidai mkutano, nao ukaitishwa Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, katika ukumbi wa jumuiya Rågsved. Wanachama thelathini na watatu walikuja, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Hoja ilikuwa moja: Zachariah aendelee au aondoke. Pélagie na Précieuse walikaa safu ya pili, mikoba mapajani.

Zachariah alipopewa nafasi, alitoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Mnaniuliza kwa nini Shalom anaanza na Kiprono anakaa," alisema. "Mimi sina mpwa kwenye timu hii. Nasoma kitabu. Shalom, michezo kumi na moja, makosa mawili. Kiprono, michezo mitatu, makosa sita. Niambieni wenyewe, nimpange nani?"

"Tunazungumza mpira, wewe unatuletea hesabu!" Kimani akafoka. "Sisi tuna macho, bana!"

"Hata mimi ninayo."

"Basi yapeleke kwa daktari!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Pélagie hakucheka. Alihisi joto likianzia shingoni na kupanda hadi kwenye mizizi ya nywele. Makosa mawili. Hayo mawili aliyaandika siku ambazo Précieuse alikuwa na mafua, hakuja uwanjani.

Sasa ndipo alipoona jinsi mambo yalivyokuwa yamepangana. Kila Jumatatu Rebecka aliingiza kitabu kwenye kompyuta, kila Alhamisi Zachariah alikisoma, kila Jumamosi Shalom alirudishwa pale pale pa moto, na mtu huyu akatukanwa. Na yeye Pélagie alikuwa ameomba, kwa kinywa chake, mbele za Mungu, aletwe mwenye macho.

Simama, alijiambia. Simama sasa.

Lakini kusimama maana yake ilikuwa kumtaja Shalom, naye Shalom alikuwa pale nyuma, ameegemea ukuta, kofia mkononi. Na Précieuse alikuwa hapa, bega kwa bega.

"Wanaotaka kocha mwingine, wainue mikono," alisema Rebecka.

Mkono wa Précieuse ulipanda. Wa Pélagie nao ukapanda. Aliuona ukipanda, akauona ukikaa juu, na hakuushusha. Ishirini na nne kwa nane. Rebecka hakupiga kura. Aligonga meza kwa kirungu chake kidogo, na jambo likaisha.

Zachariah alikunja karatasi yake mara nne kama ilivyokuwa.

Ni huko kukunja kulikomshinda Pélagie. Alisimama, mkoba ukaanguka.

"Kitabu si cha kweli," alisema.

"Pélagie, hoja hiyo tumeshaifunga," Rebecka akamwambia kwa upole.

"Najua. Kitabu si cha kweli. Nimeandika mapigo mahali pa makosa."

"Ya nani?" aliuliza Kimani, na hata yeye sauti ilikuwa imeshuka.

Pélagie alitazama sakafu. "Ya Shalom."

"Mangapi, Mama?" Huyu alikuwa Zachariah.

Hakuhitaji kufungua kitabu. Alikuwa anayajua moja moja, na siku yake, na mpira wake ulivyokuja.

"Kumi na saba. Na yale mawili. Jumla kumi na tisa."

Nyuma, mlango ulifunguliwa ukafungwa. Shalom alikuwa ametoka. Précieuse aliinuka bila kumtazama rafiki yake, akachukua koti, akapita mbele ya magoti ya watu wote wa safu ile akisema "samahani, samahani," akamfuata mwanawe.

Zachariah alikuja hadi kwenye safu ya pili. Pélagie alitamani amtukane.

"Macho yangu yaliniambia, Mama," alisema. "Kila Jumamosi yaliniambia kijana huyu hawezi pale, nimpeleke nyuma kabisa akakimbize mipira ya juu. Nikarudi kwenye kitabu. Nikasema, Mama Pélagie hadanganyi, basi ni mimi nimeanza kuzeeka."

Akamwokotea mkoba wake, akaondoka.

Rebecka alimweleza Pélagie utaratibu. Uamuzi haufutwi kwa maneno. Ukitaka mkutano mwingine, theluthi ya wanachama waweke sahihi kabla ya wiki mbili kupita, maana baada ya hapo kamati itamteua kocha mwingine. Wanachama ni arobaini na wawili, kwa hiyo sahihi kumi na nne.

"Lakini ueleze sababu kwa kila mmoja," Rebecka aliongeza. "Wengine hawakuwepo leo."

Pélagie aliandika barua mwenyewe, kwa Kiswidi chake cha darasa la jioni, akaanza kuzunguka. Ngazi hii, lifti ile, kituo cha treni, uwanja wa mazoezi. Kila aliyemfikia alimweleza upya tangu mwanzo: niliandika uongo, mara kumi na saba, kwa kumwonea haya rafiki yangu. Alidhani akilisema mara tano litakuwa jepesi. Halikuwa. Mara ya tisa lilikuwa zito kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa habari ilikuwa imemtangulia, na watu walikuwa wakimsubiri alitamke.

Kimani alitia sahihi akitikisa kichwa. "Nimemtukana mtu wa watu bure. Mama, umeniponza." Halafu akaongeza, "Lakini bado yule hajui kubadilisha mrushaji wa mipira kwa wakati. Hilo uandike!"

Kiprono alishika kalamu, akasita. "Na yangu sita, Mama? Nayo yalikuwa uongo?"

"Hapana, mwanangu. Yako yalikuwa ya kweli."

"Yote?"

"Yote. Ila wewe nilikuandikia kweli kwa sababu hukuwa na mtu wa kukulilia. Hiyo nayo ni dhambi."

Kiprono alifikiri, akatia sahihi.

Pélagie alimkuta Shalom kwenye mazoezi. Kijana hakumngoja aeleze. Alisema neno moja tu, "Lete," akaandika jina lake akiwa amesimama, akairudisha karatasi bila kuinua macho, akaenda kusimama nyuma kabisa, kwenye nyasi za mbali.

Siku ya kumi na tatu alikuwa na sahihi kumi na tatu. Wengine walikuwa wamekataa au wako likizo. Lilibaki jina moja. Pélagie alipanda treni hadi Farsta, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akabonyeza kengele ambayo alikuwa hajawahi kuibonyeza, maana siku zote alikuwa anaingia tu.

Précieuse alifungua nusu.

"Umekuja kuomba msamaha au umekuja kuomba sahihi?"

Pélagie alikuwa amejitayarishia maneno mengi, yakayeyuka. "Sahihi," alisema. "Leo ni sahihi. Msamaha sina haki ya kuuleta pamoja na karatasi."

"Ulinifanyia mimi, eti?"

"Nilikuonea huruma."

"Mwanangu alikuwa anarudi nyumbani anasema, mama, najua naachia mipira, lakini kitabu kinasema niko sawa. Nami namwambia, kama Pélagie ameandika, uko sawa. Umemfanya mtoto asijue hata yeye ni nani, dada."

Précieuse alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaisoma kutoka juu mpaka chini, jina kwa jina.

"Lako liko wapi?"

"Langu?"

"Si wewe ni mwanachama? Wewe ndiye uliyeanza. Mbona hukutia?"

"Naona haya kujiweka kwenye orodha ya watu wema."

"Haya!" Précieuse alisema, na sauti yake ilipasuka. "Haya yako ndiyo iliyotufikisha hapa. Ulimwonea haya mama wa mtoto, ukaandika uongo. Sasa unajionea haya mwenyewe, unataka jina langu likusitiri. Langu sikupi." Akaingia ndani, akarudi na kalamu. "Tia. Tia hapa, nikuone."

Pélagie aliipokea karatasi, akaiweka kwenye mwimo wa mlango. Herufi zilitoka za mtoto wa darasa la pili, lakini zilikuwa jina lake lote, la baba na la ubatizo. Ilikuwa ya kumi na nne.

Précieuse aliitazama hadi nukta ya mwisho. Akairudisha kalamu yake mfukoni.

"Siku utakayokuja kwa lile jingine," alisema, "uje mikono mitupu."

Akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza. Pélagie alisimama pale mpaka taa ya ngazi ikajizima yenyewe, kisha akashuka akipapasa ukuta kwenda kumpelekea Rebecka karatasi.